Kabla hamjagusa nembo ya shirika

Wenye mashirika madogo hapa Lamu mnaotaka kuzipa sura mpya brosha na mabango yenu ya zamani, msianzie kwenye nembo. Kusanyeni kwanza kila chenye jina lenu: barua, fulana, kibao cha mlangoni, hata picha ya WhatsApp. Vitandazeni sakafuni mvitazame pamoja. Mara nyingi nembo yenyewe haina ubaya, ila kila fundi ameichora upya kivyake kwa kuwa faili la asili halipo.

Kwa hiyo mkimlipa mbunifu, mdaini faili la vekta (mchoro wa mistari, si wa nukta; SVG au PDF), si JPG, faili la picha ya kawaida, peke yake. La vekta hukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupoteza ukali. Mdaini pia namba za rangi za uchapishaji, yaani CMYK, maana rangi inayong'aa kwenye simu hufifia karatasini.

Jua nalo lina yake. Nyekundu na njano hupauka mapema, ndiyo maana mabango makuukuu hubaki ya kibuluu. Namba ya simu iandikwe kwa nyeusi.

Na bango kubwa la nini kwenye vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani? Msomaji yuko hatua mbili tu na ukuta, tena anampisha punda. Karatasi ya A3, sawa na A4 mbili, yatosha. Herufi kubwa zipelekeni gatini, wazisome walio mashuani. Ila mji wa kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ulizeni kabla ya kubandika chochote ukutani.