Somo: Kumtambua mnyama wa usiku kwa mlio uliourekodi

Rekodi nyingi hunijia na swali moja: "Huyu ni mnyama gani?" Liweke kando kwanza. Jina huja mwisho.

Hatua ya 1. Nakili faili, ufanyie kazi nakala. Andika saa, hali ya hewa, na kama sauti ilitoka mtini, chini au majini. Neno "mtini" pekee hupunguza washukiwa wengi.

Hatua ya 2. Ondoa visivyo wanyama. Niliwahi kumsaka "ndege" usiku mbili mfululizo, kumbe ni matawi yanasuguana. Siku hizi huangalia kwanza kama mlio unakuja na kuondoka pamoja na upepo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na uchague mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya sauti. Muda huenda kushoto kwenda kulia, masafa (uzito au wembamba wa sauti) hupanda chini kwenda juu. Nyenje huchora utepe mrefu wa mlalo. Mlio mzito wa bundi huonekana kama vidoa vinene, mara nyingi chini ya kilohezi 1 (mitetemo 1,000 kwa sekunde). Sasa hesabu: silabi ngapi? Pengo kati yake sekunde ngapi? Mlio unapanda au unashuka?

Mchukue perere, pimbi wa mtini. Huanza taratibu, kama mlango wenye bawaba kavu. Kila mkwaruzo unauzidi uliotangulia, hadi yanakuwa mayowe. Aliyenasa mwisho tu ataapa kuna mtu anauawa, na mwenye mayowe hayo ni kinyama cha kimo cha sungura! Kwa hiyo usikate rekodi mapema. Utambulisho wake umo katika kule kupanda.

Hatua ya 4. Linganisha na rekodi za xeno-canto, tovuti ya milio ya ndege na wanyama wengine, si moja bali kadhaa, na uhakikishe mnyama huyo anaishi eneo ulilorekodi.

MASWALI

Swali: Mwalimu, BirdNET inasema ni bundi, tena kwa uhakika mkubwa. Nikubali?

Jibu: Ichukulie kama fununu. Programu hiyo imefunzwa zaidi ndege, na huchambua vipande vya sekunde 3. Mlio unaojijenga taratibu inauona vipande vipande.

Swali: Nimenasa kilio cha mtoto mchanga katikati ya msitu. Naogopa hata kuisikiliza tena.

Jibu: Pole, ndugu yangu. Kama ni msitu wa Afrika, anza na komba mkubwa. Kama ni Ulaya majira ya baridi, msikilize mbweha jike.

Swali: Popo walikuwa wengi, mbona simu haikunasa kitu?

Jibu: Milio mingi ya popo iko juu ya kilohezi 20. Simu inayochukua sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde hunasa hadi nusu ya hapo tu, yaani kama kilohezi 22. Tena zima kipunguza kelele, maana hufuta hata mlio hafifu wa mbali.

Swali: Na nikikosa jina kabisa?

Jibu: Andika ulipofika, mfano "komba, spishi bado". Si aibu. Komba wadogo wa Afrika Mashariki wanafanana mno kwa sura, na watafiti waliwatenganisha kwa kiasi kikubwa kupitia milio yao. Itunze faili ya awali, pamoja na ile saa uliyoandika.