Wamisionari wazee ugenini: namna ya kupanga dawa, nyumba na siku yenu

Mume na mke waliostaafu wakiitwa misheni nje ya nchi, nguvu nyingi huishia kwenye lugha na masomo ya kufundishia. Yanayowakwamisha baadaye huwa ni mambo ya nyumbani: dawa iliyoisha wiki mbili kabla ya nyingine kupatikana, maji yasiyoaminika, na watu wawili waliozoea kuonana jioni tu kujikuta pamoja saa 24. Yapangeni hayo kwanza.

Muda wa utumishi hutofautiana kanisa na kanisa. Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa mfano, wenzi wazee huweza kuitwa kwa miezi 6 hadi 23, na hawabanwi na ratiba ya wamisionari vijana. Uhuru huo ni mtamu, ila msipojipangia siku, kila anayepiga simu atawapangia.

Dawa, kuanzia wiki 8 kabla ya safari

Kila mmoja aende kwa daktari wake aombe karatasi moja iliyochapwa: jina halisi la kila dawa (si jina la kibiashara), miligramu, saa za kumeza, sababu ya kuimeza, na mzio alionao. Toeni nakala tatu. Moja ikae na pasipoti, moja kwenye pochi, moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Jina la kibiashara hubadilika ukivuka mpaka. Hata jina halisi linaweza kuwa mawili: parasetamoli na asetaminofeni ni dawa moja, na asiyejua hilo hununua zote mbili akameza dozi maradufu.

Dawa zenye kodeini (ya maumivu na kikohozi) au sudoefedrini (ya mafua) zinadhibitiwa vikali katika baadhi ya nchi, hata kama kwenu zinauzwa dukani bila cheti. Ulizeni ubalozi kabla ya kufungasha. Dawa zote ziende kwenye begi la mkononi, zikiwa katika vifungashio vyake. Insulini hasa isiende kwenye shehena ya ndege: ikiganda kwa baridi haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Mkishafika, ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na friza. Nyingi zikishafunguliwa huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa siku 28 hivi, lakini karatasi ya ndani ya boksi ndiyo yenye neno la mwisho.

Kama mwendako kunatakiwa cheti cha homa ya manjano, kumbukeni kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Kwa waliofikisha miaka 60 chanjo hii, wakichomwa kwa mara ya kwanza, ina hatari kubwa kidogo ya madhara makali, kwa hiyo daktari apime kwanza. Akiona haifai, huandika barua ya msamaha wa chanjo. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari mapema ni dawa gani ya kuzuia malaria atapewa, kwa sababu doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, huiongezea warfarini nguvu na damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Mabadiliko ya chakula nayo yana mchango wake: ukitoka kwenye mboga za majani mara moja kwa wiki ukaingia kwenye mboga kila siku, warfarini ileile hupungua nguvu. Pima damu mapema baada ya kufika.

Kijisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba kijazwe jioni ileile kila wiki, na ajaze mwenzako, si wewe. Hivyo kila mmoja anazijua dawa za mwenziwe kwa sura.

Presha

Pimeni asubuhi kabla ya kahawa. Keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote. Kosa la kawaida ni kupima mara tu baada ya kupanda ngazi na mizigo ya sokoni, kisha kumpigia daktari simu kwa hofu.

Maji

Chemsheni hadi yatokote kwa nguvu dakika 1. Mkiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini. Gesi ikiisha, tumieni dawa ya maji ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe (bleach) isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwa kitambaa safi kwanza, kisha matone 4. Chupa ya dawa iliyokaa mwaka mzima juani imekwisha nguvu, msiitegemee.

Kiu hupungua kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo msisubiri kuisikia. Kila mmoja awe na chupa yake, ijazwe asubuhi, na mchana iwe imeisha. Mwenye moyo au figo dhaifu aulize daktari kiasi chake. Kuhara kukiingia, changanyeni lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru. Ukiionja ikawa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Siku yenyewe

Saa 12 asubuhi amkeni, presha, dawa, sala, matembezi ya nusu saa kabla ya jua kuwa kali. Kazi nzito ya kichwa, yaani taarifa za ofisi, barua na hesabu, ifanyike kabla ya saa 6 mchana. Baada ya chakula pumzikeni saa nzima bila kuona aibu. Jioni ni ya kutembelea watu, kwa kuwa ndipo wanapopatikana, lakini muwe mmefika nyumbani kabla giza halijaingia. Siku moja ya wiki ni ya maandalizi: kufua, sokoni, kulipa bili. Mkiiachia hiyo ikaliwa na vikao, ya wiki inayofuata nayo italiwa.

Risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Karatasi za mashine hufutika kwa joto, na baada ya miezi mitatu unakuwa na kikaratasi cheupe cha kumwonyesha mhasibu. Fedha za misheni na zenu zikae bahasha mbili, zisichanganywe hata kwa mkopo wa dakika kumi.

Simu za wajukuu ziwe siku na saa maalumu. Nchi nyingi za kaskazini husogeza saa mbele mwezi Machi na kuirudisha Oktoba au Novemba, ilhali nchi nyingi za tropiki hazifanyi hivyo. Simu iliyokuwa ikipigwa kwa raha inaanza kuwakuta watoto shuleni, na kila upande unadhani umesahauliwa.

Kukagua vyumba vya wamisionari vijana

Wenzi wengi hupewa kazi hii. Toeni taarifa mapema, nendeni wote wawili, na msiende mikono mitupu. Kijana aliyeletewa kitu cha kula hufungua makabati yote. Anzeni mlangoni: kitasa kinafunga, komeo la ndani lipo. Bonyezeni kitufe cha king'ora cha moshi msikie sauti wenyewe. "Betri mpya" isiwatoshe, kwani mara nyingi betri ilihamia kwenye tochi. Mpira wa gesi upakwe povu la sabuni kuanzia kwenye mtungi hadi jikoni. Povu likitoa mapovu mapya, kuna tundu. Usijaribu kwa kiberiti. Mwali wa jiko uwe wa bluu: ukiwa wa njano gesi haiungui vizuri na inaweza kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Wakaazi wote wakilalamika kichwa kinauma asubuhi na kupona wakitoka nje, fungueni madirisha, zimeni jiko, wote mtoke nje. Mwisho angalieni nondo za madirisha. Angalau dirisha moja la chumba cha kulala lifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo.

Ninyi wawili

Kosa kubwa ni mmoja kupewa kazi yote na mwingine kuwa msindikizaji. Kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, kila mmoja awe na kazi yenye jina lake, na nusu saa kwa siku ya kuwa peke yake. Kugombana kuhusu sufuria mwezi wa pili ni kawaida. Mara nyingi si sufuria, ni uchovu.

Leseni ya kimataifa ya udereva hutolewa nchini mwenu, kwa hiyo ichukueni kabla ya kuondoka, wote wawili. Mahali magari yanapopita upande mwingine wa barabara, asiyeendesha ana kazi moja: kutamka "kushoto" au "kulia" kila mnapokata kona, hasa mnapotoka kituo cha mafuta asubuhi barabara ikiwa tupu.

Mara moja kwa mwezi badilishaneni majukumu kutwa nzima. Anayepika alipe bili, anayeshika benki apike na kuita teksi kwa lugha ya pale. Kisha hakikisheni bahasha iliyo karibu na mlango bado imekamilika: nakala za pasipoti na hati za ukaazi, karatasi za dawa, kadi ya bima, anwani ya nyumba imeandikwa kwa lugha na herufi za wenyeji, namba ya kiongozi wa misheni, na fedha taslimu za kulipa teksi ya usiku hadi hospitali.