Jinsi mkutubi anavyoweza kuikagua makala ya Wikipedia

Msomaji akija na makala ya Wikipedia, usimkatalie wala usimpitishie tu. Kaeni mbele ya kompyuta muikague pamoja.

Anzeni chini, kwenye tanbihi. Chagueni sentensi moja yenye dai zito, kama tarehe, idadi au tuhuma, mbonyeze namba yake, kisha mfungue chanzo chenyewe na kusoma ukurasa uliotajwa. Vyanzo vya kubuni vipo, lakini kosa linalosumbua zaidi ni chanzo halali kisichosema kinachodaiwa. Mara nyingi mtu alibadili sentensi baadaye, namba ikabaki palepale. Kiungo kikiwa kimekufa, bandikeni anwani yake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za zamani za kurasa za mtandaoni.

Kisha fungueni historia ya makala. Tafuteni sentensi ile iliingizwa lini, mlinganishe na tarehe ya chanzo. Chanzo kikichapishwa baada ya sentensi kuingia, huenda mwandishi wake ameitoa Wikipedia kwenyewe, na hapo ushahidi unajizunguka. Mwaka 2008 mhariri mmoja alimbandika mnyama aitwaye coati jina la uongo, “Brazilian aardvark”. Magazeti na vitabu vikalinakili, halafu navyo vikatajwa kama uthibitisho wa jina hilo. Hesabu ya marejeo peke yake isingelinasa kosa hilo, tarehe zingelinasa.

Ukurasa wa majadiliano wengi hawaujui. Humo mtaona wahariri walivutana kuhusu nini, nini kiliondolewa na kwa sababu gani. Ukiwa mtupu, msidhani makala imekubalika: huenda hakuna aliyeikagua, jambo la kawaida katika lugha zenye wahariri wachache. Kulinganisha na toleo la lugha nyingine kunasaidia, ila linganisheni vyanzo, maana moja inaweza kuwa tafsiri ya nyingine, makosa yake yakiwemo.

Mkishagundua pengo, lizibeni. Wekeni jina la mwandishi, mwaka, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na namba ya ukurasa, na kwenye muhtasari wa hariri mseme mmebadili nini. Kampeni ya #1Lib1Ref, iliyoanza mwaka 2016, humwomba kila mkutubi aongeze rejeo moja tu.

Tahadhari kwa mkutubi: usimwage viungo vya mkusanyo wa maktaba yako katika makala ishirini kwa mkupuo. Vitafutwa kama matangazo, hata kama ni vizuri. Taja mwajiri wako kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Wikipedia ya Kiingereza hairuhusu akaunti ya pamoja.

Ukifikisha hariri 500, akaunti yenye umri wa miezi 6, hariri 10 ndani ya siku 30 zilizopita na bila kufungiwa, The Wikipedia Library hukufungulia bure hifadhidata za majarida ya kulipia, uzitumie kuandaa marejeo zaidi.