SOMO: Kuvua mbasa kwa kayaki Matema, kuanzia kupanga safari mpaka kufunga vifaa kwenye chombo

Habari zenu wadau. Watu wengi wameniuliza hii kitu ya kuvua kwa kayaki (kile chombo chembamba cha mtu mmoja cha kupiga kafi) ziwa Nyasa inaendaje, wengine wapo Mbeya mjini, wengine Iringa huko na Mafinga, kwaiyo nimeona niandike yote sehemu moja. Ni ndefu kidogo ila isome yote kabla hujaenda, maana lile ziwa halina utani.

Kwanza samaki mwenyewe. Wazungu walimpa mbasa jina la samoni wa ziwa, na ukimwona unaelewa kwanini: mweupe kama fedha, mwembamba, mdomo mkubwa, anawinda usipa (dagaa wa ziwa hili), alafu mvua zikija anaacha ziwa anapanda mito kwenda kutaga kwenye changarawe. Samoni mwenyewe ni wa Atlantiki na Pasifiki ya kaskazini, huku kwetu hayupo, na kwa ukoo mbasa yuko karibu zaidi na ningu na kuyu. Ila namna ya kumvua kwenye kayaki inafanana sana na wanavyovua samoni huko kwao: unapiga kafi taratibu huku unaburuta chambo bandia nyuma.

HATUA YA 1: ANZA NA SAA YA KURUDI

Watu wanapanga saa ya kutoka. Mi nasema panga saa ya kurudi kwanza, alafu zingine zote zihesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Sababu ni hii. Ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 500 kutoka kusini mpaka kwetu, na kwenye miezi ya kiangazi, kama mwezi wa tano mpaka wa nane, upepo wa kusi unavuma kufuata huo huo urefu. Hamna kitu cha kuuzuia. Wimbi linaanza dogo huko mbali linakuja linakua, linakua, na mwisho wa ziwa ni Matema, yaani kila kilichosukumwa kinaishia kwetu. Asubuhi unaweza kukuta maji yametulia kama mafuta kwenye sufuria, ikifika saa 5 hiyo hiyo sehemu huwezi kupita.

Alafu kuna upepo mwingine ambao watu wanausahau kwa sababu ni mpole. Usiku na alfajiri hewa ya baridi inashuka kutoka milima ya Livingstone kwenda ziwani. Unatoka saa 11 na nusu unahisi kayaki inateleza yenyewe, unafurahi, kumbe unasukumwa kwenda kati. Kwaiyo ukitoka anza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo au sambamba na ufukwe, usiende moja kwa moja ndani.

Mimi saa 4 asubuhi nipo mchangani, samaki yupo au hayupo. Hiyo sheria nimejiwekea baada ya siku moja ya mwezi wa sita, ndege walikuwa wanapiga usipa mbele yangu, nikasema dakika kumi tu, nikaja kushtuka ni saa 5 kasoro na maji yameshabadilika rangi upande wa kusini. Njia niliyoenda kwa nusu saa nilirudi kwa zaidi ya saa moja na nusu, mawimbi yanaingia pembeni, mikono imechubuka hadi kafi ina damu. Kilichonisaidia ni kwamba shemeji yangu alikuwa ufukweni anajua saa 4 natakiwa niwe nimerudi, alipoona kimya akaenda kuongea na wenye boti ya injini, wakanikuta nimebakiza kama mita mia nne. Kwaiyo mwachie mtu wa nchi kavu vitu vitatu: unaelekea wapi, saa ngapi unarudi, na namba ya mtu mwenye boti ya injini. Angalia na utabiri wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa) jana yake, ila ukifika ongea na wavuvi wenyewe pale pale, wao wanaliona ziwa kila siku.

Msimu wa mvua ni habari nyingine kabisa, Kyela mvua zake mnazijua, na radi ukiwa kitu pekee kilichosimama juu ya maji umeshika fimbo ndefu ya kuvulia sio mahali pa kuwa. Ukisikia ngurumo toka.

HATUA YA 2: RUHUSA

Fupi tu. Uvuvi una leseni, inatolewa halmashauri, sheria ni ya 2003. Ukifika mwalo wowote onana na viongozi wa BMU (kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi pale mwaloni), jitambulishe, sema umekuja na chombo gani. Usikwepe hii, hao hao ndio watakaokutafuta ukipotea.

HATUA YA 3: KUBEBA KAYAKI

Yangu ni ile ya plastiki ya kukaa juu, mita tatu na kidogo, kilo kama 25, inakaa juu ya keria ya Noah. Ilaze kifudifudi, funga mikanda miwili kwa upana, alafu kamba moja mbele na moja nyuma. Usikaze kama unafunga gunia la viazi, plastiki ikipata joto inabonyea. Njia ni Uyole, Tukuyu, unashuka mpaka Kikusya unakata kwenda Ipinda hadi Matema. Simama Tukuyu ukague mikanda.

Na hapa kuna kitu sijaona mtu anakisema. Fungua kizibo cha maji cha kayaki kabla hujaondoka Mbeya. Mnaijua ile chupa ya maji unakunywa mjini unaifunga, ukifika Kyela unaikuta imenywea imejikunja? Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, ziwa lipo chini ya mita 500, hewa ya kule ni nzito inaikandamiza chupa. Kayaki iliyofungwa vizuri ni chupa kubwa tu. Fungua, na ukifika ufunge KABLA ya kuingia majini, mi kizibo nakifunga kwa uzi mwekundu kwenye usukani wa gari ili nisisahau.

HATUA YA 4: KUFUNGA VIFAA

Hapa ndio pa kutulia. Kanuni ni moja: kila kitu kifungwe kwa kamba, na kamba isiwe ndefu ya kukunasa mguu. Kayaki ikipinduka, kisichofungwa kimeenda, na pale upande wa milima kina kinashuka ghafla, hamna mtu wa kukuzamia.

Nyuma ya kiti naweka kreti la soda. Chukua bomba la PVC ambalo mkia wa fimbo unaingia bila kubana, kata vipande viwili vya sentimita 30, lainisha midomo kwa msasa, vifunge kwenye pembe za nyuma za kreti kwa zip tai mbili mbili, juu na chini, vilale kidogo kwenda nje. Hizo ndio holda za fimbo. Kreti lenyewe lifunge kwa ile mipira ya kufungia mizigo ya bodaboda, ikatizane juu. Halafu kila fimbo iwe na kamba yake kutoka kwenye rili (kile kigurudumu cha kukunjia nailoni) mpaka kwenye kreti, maana mbasa akivuta kwa nguvu fimbo inaruka kwenye bomba kama mshale.

Kama unataka holda ya kudumu utoboe kwa drili, sawa, ila toboa sehemu ambayo mkono unafika kwa ndani uweke wosha na nati, na kila tundu pakaa silikoni uache ikauke siku nzima. Jaza maji kidogo ndani uigeuze uangalie kama inavuja. Tundu moja linalovuja hulioni, unahisi tu chombo kinazidi kuwa kizito na kinaanza kuyumba kilevi, na maji ndani yanakimbilia upande ule ule unaoinamia.

Kafi nayo ifungwe, mita moja ya kamba inatosha. Nanga siweki kabisa nikiwa naburuta, kule kina ni kirefu mno. Badala yake nina gunia dogo la kilo 10 nimelitoboa chini, nimefunga kamba mdomoni, nalitupa majini linajaa maji linapunguza kasi ya kusukumwa na upepo wakati nashughulika na samaki. Kamba yake ifungwe mbele au nyuma kabisa ya kayaki, kamwe sio ubavuni, ubavuni inakupindua.

Mwilini: laifu jaketi umeivaa, sio umeikalia. Filimbi kwenye jaketi. Kisu kidogo pale mkono unapofika. Simu kwenye mfuko usioingia maji, na mfuko uwe kwako sio kwenye kreti. Shati la mikono mirefu, sisi watu wa baridi tunaungua vibaya kule bila kujua.

Alafu kabla ya kuvua hata siku moja, nenda kwenye maji ya kifuani ujipindue kwa makusudi. Geuza kayaki, lala kwa tumbo juu yake, piga miguu, jigeuze ukae. Rudia mara kumi. Ukishindwa hapo karibu na mchanga, nje huko hutaweza.

HATUA YA 5: MAJINI

Nailoni ya milimita 0.30 hadi 0.35 inatosha, mbele kijiko kidogo cha kuvulia cha rangi ya fedha au chambo bandia chenye umbo la usipa. Achia mita 25 hadi 30 nyuma, piga kafi kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzee wake. Breki ya rili ilegeze, atavuta mwenyewe kwanza. Fuata ndege, mnandi wakiwa wanazama sehemu moja usipa wapo, na usipa wakiwepo mbasa yupo chini yao. Pita pembeni ya kundi, ukipita katikati wanatawanyika. Usihangaike kushusha chambo chini sana, kwenye ziwa hili kuanzia kama mita 200 na kitu kwenda chini maji hayana oksijeni, hamna samaki.

Akishika, usisimame na usiegemee upande wake. Mwache achoke, mlete ubavuni, mnyanyue kwa kinyavu mpaka katikati ya miguu, mtoe ndoano kwa plaizi.

Na midomo ya mito, Lufilyo na mingine, wakati wa mvua kaa mbali. Ya kwanza mamba na viboko. Ya pili ni pale mbasa wanakusanyika kupanda kwenda kutaga, ukiwavua pale unawavua na watoto wao wote. Wazee wa Kyela watakwambia walivyokuwa wanapatikana zamani. Mi hili linaniuma kweli, naomba tuliheshimu.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mafinga: Mkuu asante kwa somo. Sina kayaki, je nikikodi mtumbwi wa mti pale Matema naweza kufunga hizo holda?
Jibu: Kreti unaweza kulibeba, ila usitoboe mtumbwi wa mtu. Na ile mitumbwi ni myembamba sana, wenyeji wamekaa humo tangu watoto, mwili wao unajua. Ukikodi, kodi na mwenyewe akae nyuma apige kafi, wewe ushike fimbo. Utajifunza mengi kuliko kwangu.

Dada Makambako: Kaka mi kuogelea najua kidogo tu, laifu jaketi si inatosha?
Jibu: Hapana dada yangu. Jaketi inakuelesha, haikurudishi kwenye kayaki. Fanya lile zoezi la kujipindua ukiwa na mtu anayeogelea pembeni, hata wikiendi mbili tatu, uvuvi utakuja baadaye.

Wa Uyole: Vipi kuhusu kichocho? Jamaa yangu alipima kesho yake akaambiwa mzima.
Jibu: Kesho yake ni mapema mno, haionekani. Subiri wiki 6 hadi 8 ndio ukapime, na dawa ya praziquantel nayo inaua minyoo iliyokomaa, ile michanga inapona. Ingilia kwenye mchanga ulio wazi, epuka sehemu yenye matete na maji yaliyosimama.

Mzee wa Ngonga: Kijana umeeleza vizuri. Niongeze. Hiyo saa 4 yako mwezi wa saba ni kuchelewa. Angalia wavuvi wa usipa waliokesha na taa, ukiona wote wanarudi kwa haraka kabla jua halijapanda, na wewe geuka, usisubiri kuona wimbi. Na kusini ukiona mstari mweupe pale maji yanapokutana na mbingu, huo ni upepo tayari unakuja.
Jibu: Shikamoo mzee. Nimepokea, mwezi wa saba naisogeza iwe saa 3. Ndaga fijo.

Kijana wa Mafinga: Nikimpata jike ana mayai nifanyeje?
Jibu: Mrudishe. Loanisha mikono kwanza, usimshike kwenye mashavu, mshikilie ndani ya maji akiwa ameelekea mbele mpaka apige mkia mwenyewe aondoke.

Wa Uyole: Nimechelewa kusoma mkuu, nilishuka wiki iliyopita kizibo kimefungwa, kayaki imebonyea chini kama bakuli. Ndio imekufa?
Jibu: Haijafa. Fungua kizibo, iweke juani kifudifudi mchana mzima, kama bado mwagia maji ya moto pale palipobonyea huku mwenzako anasukuma kwa ndani kupitia tundu la mizigo, itarudi. Iache ipoe yenyewe kabla hujaifunga kwenye keria. Na safari ya kupanda Tukuyu nayo kizibo kiwe wazi, maana kurudi huku juu itataka kuvimba.