Namna ya Kuandaa Kazi ya Pevingi kwa Ajili ya Tuzo ya Usanifu

Mafundi wengi wanaozungumza Kiswahili huko Marekani na Canada hutandika pevingi, ambazo Wakenya huziita kabro, kwa ustadi mkubwa, lakini kazi zao hazijulikani na mtu yeyote zaidi ya mwenye nyumba na majirani zake. Tuzo zinazoambatana na maonyesho ya kibiashara ya ujenzi wa sakafu na kuta za nje, Hardscape North America, ya Louisville, Kentucky, ziliwekwa kwa ajili ya wakandarasi wa namna hii. Chama kinachosimamia fani hiyo, Concrete Masonry & Hardscapes Association, kiliundwa mwaka 2022 baada ya chama cha tofali za saruji na kile cha pevingi kuungana. Aliyeko Australia ana tuzo za Think Brick, ambamo kipengele chenye jina la msanifu majengo Kevin Borland ni cha majengo ya tofali za saruji na kile chenye jina la msanifu mandhari Bruce Mackenzie ni cha sakafu za nje na mandhari.

Maandalizi ya kuwania tuzo huanza siku ya kuchimba. Jaji hatafika kwenye ua ulioujenga. Atasoma maelezo yako na kutazama picha, na uimara wa pevingi uko katika tabaka ambazo jioni ya siku ya mwisho zitakuwa zimefukiwa. Kazi ya kwanza niliyowasilisha ilikuwa na picha nzuri za ua uliokamilika, lakini sikuwa na hata moja ya kokoto zikishindiliwa, na nilipofika kwenye maelezo ya ujenzi sikuwa na la kuonyesha isipokuwa maneno. Tangu hapo hupiga picha kila tabaka kabla ya kuifunika, nikiweka futi ya kupimia ndani ya picha: udongo wa asili ulioshindiliwa, kitambaa cha kutenganisha udongo na kokoto pale kinapohitajika, kokoto zikishindiliwa awamu kwa awamu, na mchanga wa kulalia wa milimita 25 uliosawazishwa lakini haujakanyagwa.

Kabla ya kuchagua kipengele, soma kanuni za mwaka husika hadi mwisho. Kazi za makazi hutenganishwa na za biashara, na pevingi za kawaida hutenganishwa na zile zinazopitisha maji. Ukiwasilisha kazi ya kupitisha maji, kiini cha maelezo yako kiwe safari ya maji yenyewe, yaani yanavyoingia kwenye viungo (nafasi kati ya tofali na tofali) vilivyojazwa kokoto ndogo badala ya mchanga, yanavyotunzwa katika tabaka la kokoto kubwa chini yake, na mahali yanapoishia. Picha iliyopigwa mvua ikinyesha, bila dimbwi hata moja, itamsaidia jaji kuliko aya nzima.

Kwenye ufundi, mimi hutazama kingo kwanza, na naamini jaji makini hufanya hivyo pia. Pale magari yanapopita, kipande kilichokatwa hakipaswi kupungua theluthi moja ya tofali zima, kwa kuwa vipande vyembamba huvunjika na kung'oka. Fundi aliyepanga kazi yake vizuri husogeza mstari wa kuanzia, au huongeza safu ya tofali nzima pembeni, ili asilazimike kukata vipande hivyo. Piga picha ya karibu ya kona ngumu kuliko zote, mathalani pale sakafu inapozunguka mfuniko wa chemba, mikato ionekane wazi, na viungo vyenye upana wa milimita 2 hadi 5 vionekane vimejaa mchanga.

Picha za jumla zipigwe asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha umbile la tofali. Mwanga huo huo hufichua tofali lililoinuka kuliko jirani yake, hivyo pitisha rula ya mita 3 juu ya sakafu nzima na urekebishe kasoro kabla mpiga picha hajafika. Kama saruji imetoa chumvi nyeupe juu ya tofali, safisha au subiri ipungue. Kumwagia maji ili rangi ikolee kwa muda wa picha ni kumdanganya jaji.

Maelezo yaandikwe kwa lugha ya kazi. Eleza mwenye mali alitaka nini, eneo lilikuwa na tatizo gani, na kwa nini ulichagua unene na mpangilio ule. Sentensi kama "tulitumia tofali za milimita 80 zilizopangwa kwa kukingamana, kwa sababu lori la taka hugeukia hapa kila wiki" inamwonyesha jaji kwamba uamuzi ulikuwa na sababu. Maneno kama "ya kipekee" yaache.

Mwisho, pata idhini ya maandishi ya mwenye mali na ya mpiga picha, na umtaje msanifu wa mandhari ikiwa mchoro ulikuwa wake. Tuma siku kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, ukiwa umempa mtu ambaye hakuwahi kufika kwenye kazi hiyo asome maelezo na kukueleza maji ya mvua yanatoka wapi na yanakwenda wapi.