Stendi ya kamera ya kunakili negativu, ya kujitengenezea

Kamera ya dijitali na lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) zinatosha kunakili negativu, yaani filamu zilizosafishwa, za milimita 35 kwa ubora mzuri. Tatizo huwa ni stendi. Ukipiga picha kwa ukubwa wa 1:1, yaani taswira ndani ya kamera ikilingana na filamu yenyewe, na tundu la lenzi likiwa f/8, kina kinachoonekana kwa ukali ni kama milimita moja tu. Kamera ikiinama kidogo, kona moja inafifia, hata lenzi iwe ya bei gani. Kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kukata.

Hatua ya 1: Kitako. Kata plaiwudi ya milimita 18, sentimita 40 kwa 50. Nyembamba zaidi ya hapo hupinda.

Hatua ya 2: Nguzo. Simamisha mbao ngumu, kavu, ya sentimita 70 ukingoni mwa kitako. Tia gundi, kaza skrubu kutoka chini, kisha uitegemeze kwa vipande viwili vya pembetatu. Iangalie kwa guni mbele na ubavuni gundi ikiwa bado mbichi, ikishakauka imekwisha.

Hatua ya 3: Mkono. Tengeneza kisanduku kinachoizunguka nguzo na kuteleza juu na chini, kikazwe kwa bolti na nati ya masikio. Toa mkono wa sentimita 15 mbele, na mwisho wake kibao kilichosimama wima. Tako la kamera linakaa kwenye kibao hicho, lenzi ikitazama chini. Tumia bolti ya robo inchi, na izame kwenye kamera milimita 4 au 5 tu, isije ikaharibu tundu lake.

Hatua ya 4: Taa. Chagua taa bapa ya LED yenye CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi) ya 95 au zaidi. Inua filamu sentimita mbili au tatu juu yake ili vumbi la taa lisionekane, na ufunike mwanga wa pembeni kwa karatasi nyeusi.

Hatua ya 5: Kunyoosha. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usiharakishe. Laza kioo cha kujitazamia mahali pa filamu, kisha ufokasi kwenye taswira ya lenzi yako. Duara la lenzi likikaa katikati kabisa ya fremu, kamera iko sambamba na filamu. Likisogea upande, chomeka vipande vya karatasi nyuma ya kibao, kimoja kimoja, mpaka lirudi. Rudia kila unapohamisha mkono.

Hatua ya 6: Kupiga. Puliza vumbi. Laza filamu upande unaong'aa ukielekea kamera, zima taa za chumba, weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, f/8 na RAW (faili ghafi ya picha), na utumie kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisitikise kamera. Kuza picha ya kwanza na uangalie kona zote nne: chembechembe za filamu zionekane kali kila kona. Kona moja ikigoma, rudi kwenye kioo.