Namna ya kupata miaka ya historia ya kijiji cha kando ya Ziwa Kivu

Wazee wengi wa kandokando, kuanzia Sake mpaka Minova upande wa Kongo, hawahesabu kwa kalenda. Ukiuliza «mwaka gani?» utapewa namba ya kukufurahisha tu. Uliza tukio.

Volkano ndiyo saa bora. Mtu akisema «moto wa Nyiragongo», usiandike kitu bado, uliza: lava ilifika ziwani? Ikifika kwa kupita katikati ya mji wa Goma, ni Januari 2002. Ile ya 1977 ilikimbia kwa kasi ya kutisha lakini haikugusa maji, na ya Mei 2021 ilisimama kabla ya uwanja wa ndege. Kosa la kawaida ni kuchanganya hizi. Lava iliyoingia majini upande wa Sake ni nyingine kabisa: ya Nyamulagira, volkano jirani, 1938.

Swali la pili ni sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo «nilioa sambaza zikiwa hazijakuwako» ni tarehe nzuri kabisa.

Wavuvi usiwafuate asubuhi, wametoka majini na wana usingizi. Nenda wakati wa mbalamwezi, taa zao za kuvulia usiku hazivuti samaki na mitumbwi mingi hulala pwani. Wamama wanaoanika sambaza waulize peke yao. Mbele ya waume, wengi wao hunyamaza, na bei za zamani wanazijua wao.

Katika kaye (daftari) andika maneno yenyewe kwanza, mwaka pembeni, kwa penseli.